Mama anasikia harufu ya jiki na kuona mwanga wa bluu akiwa kwenye mionzi, naombeni ushauri

Wakuu habari za saa hizi. Bi mkubwa wangu anapigwa mionzi ya kichwa, uvimbe uko karibu na jicho, sasa kila wakiwasha ile mashine anasema anasikia harufu kali kama jiki imemwagwa chumbani na anaona mwanga wa bluu unapita fyaa, na hapo macho kafumba kabisa, tena ile maski ya plastiki imembana uso. Mashine ikizima harufu nayo inakata hapo hapo. Wale wa mionzi wakiingia wananusa wee hawasikii kitu. Nyumbani ndo balaa, shangazi ashasema huo ni mkono wa mtu, anataka tumtoe hospitali apelekwe kwenye maombi.

Mi nimesomasoma nikaona wagonjwa wengi wa mionzi ya kichwa wanasema hivyo hivyo, na mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Dartmouth kule Marekani waliunasa kwa kamera huo mwanga ukitoka ndani ya jicho la mgonjwa, unaitwa mwanga wa Cherenkov, ndo ule ule wa bluu unaoonekana kwenye maji ya vinu vya nyuklia. Kwa hiyo kwenye mwanga nimetulia. Harufu ndo inanisumbua, inamtia kichefuchefu na ndani ya maski hatakiwi hata kutikisika.

Mliopitia hii kitu au kuuguza mtu, mlifanyaje? Kupumua kwa mdomo kunasaidia? Na tukimwambia daktari hawatasimamisha matibabu kweli? Maana bado ana wiki kadhaa mbele.