Ufadhili wa darasa letu umwendee aliyeongoza au aliyekwama?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyotugawa darasani kwetu, na nadhani haituhusu sisi peke yetu. Siku hizi karibu kila darasa lililomaliza kidato cha sita lina kundi lake la WhatsApp, na wakishazoea kuchangiana misiba na harusi wanaanza kuikumbuka shule.

Sisi tulimaliza 1996, shule ya bweni ya serikali huko Nyanda za Juu Kusini. Wanaochanga tupo 41, shilingi 20,000 kila mwezi, kwa mwaka zinapatikana 9,840,000. Miaka mitatu mfululizo tumezigawa sawa kwa wahitimu watatu walioongoza matokeo ya kidato cha sita shuleni pale. Kila mmoja 3,280,000. Mimi ni miongoni mwa tulioanzisha utaratibu huo, na leo nasema tulikosea.

Mwaka jana aliyeshika namba moja alikuwa kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), Divisheni One ya pointi 3. Tulipompigia simu alitujibu kwa unyoofu ambao sitausahau: "Wazazi wangu, mimi nimeshapata ufadhili wa serikali, nimelipiwa kila kitu." Alikuwa ameingia kwenye ule ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri zaidi sayansi. Tukampa hivyo hivyo, kwa sababu kanuni yetu ilisema aliyeongoza.

Mwaka huo huo binti mmoja wa darasa lao, Divisheni Two, alipata chuo Mwanza na mkopo akapangiwa. Lakini fedha ya kujikimu, boom kama wanavyoiita, haimfuati mtu nyumbani. Mpaka ufike chuoni, usajiliwe, usaini. Kabla ya hapo kuna nauli, kuna bima ya afya 50,400, kuna sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, kuna godoro na chakula cha wiki za mwanzo. Alihitaji kama laki nne. Hakwenda. Tulikuja kuambiwa na mjomba wake mwezi Januari kwamba anauza vitumbua stendi. Fedha tuliyompa kijana asiyeihitaji ingewavusha wanane kama huyo binti.

Hata Baraza la Mitihani, kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023, liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Sisi bado tunahesabu namba moja, mbili, tatu. Pendekezo langu: fedha yote iende kwa aliyepata nafasi ya chuo na akashindwa kufika. Nawasilisha.

Mhandisi, Dodoma

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa natofautiana nawe. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mahindi. Baba hakuwa na mtu wa kumpigia simu, sikuwa na sura ya kuonewa huruma, nilikuwa na matokeo tu. Kufaulu ndicho kitu pekee ambacho mtoto wa maskini anaweza kukifanya kwa mikono yake mwenyewe, na ukiacha kukitambua unamnyang'anya hata hicho.

Halafu umesema la sayansi ukaishia hapo. Aliyeongoza masomo ya sanaa, HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGE (historia, jiografia na uchumi), je? Ufadhili huo wa serikali haumhusu. Anaweza kuwa na Divisheni One safi na bado akasubiri mkopo wa asilimia kama mwingine yeyote. Tukimwacha na sisi, nani atamwita jina lake?

Mwalimu mstaafu

Wanangu, nimefundisha miaka 31, kumi na miwili nikiwa makamu mkuu wa shule. Hoja ya mleta mada naikubali moyoni, lakini kazi iko kwenye kumtambua huyo aliyekwama. Barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha umaskini naijua. Nimewahi kupokea barua ya namna hiyo ya mtoto ambaye baba yake alimleta shuleni kwa gari lake. Bodi ya Mikopo yenyewe inadai vyeti vya vifo vya wazazi vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na bado malalamiko hayaishi.

Mkitaka kumjua mwenye shida msianze na karatasi. Muulizeni matroni. Muulizeni mpishi. Wao wanamjua mtoto anayebaki bwenini likizo fupi kwa kukosa nauli, anayefua sare moja usiku ili aivae asubuhi, anayejitolea kuosha masufuria apate ukoko. Mwalimu wa darasa wakati mwingine hajui, kwa sababu mtoto wa namna hiyo huwa msafi na mkimya kuliko wote.

Ila msimpe mtu mmoja mamlaka ya kutaja majina. Atasumbuliwa na ndugu na jirani mpaka akose amani. Chukueni orodha tatu, kila mtu aandike yake bila kuona ya mwenzake, kisha mwangalie majina yanayojirudia.

Mama wa watatu, Mwanza

Mimi naomba turudi nyuma zaidi. Kwa nini sisi? Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kwa Waraka Namba 5 wa 2015, ukaanza kutumika Januari 2016. Ya kidato cha tano na sita ikafutwa 2022. Bodi ya Mikopo ina sheria yake tangu 2004. Mimi ni katika tuliokopeshwa chuoni miaka ile ya tisini. Nimekatwa mshahara, na sheria ilipobadilishwa 2016 makato yakapanda hadi asilimia 15 mpaka deni likaisha. Kwa hiyo nimeshasomesha mtoto wa mwenzangu. Tukijaza kila pengo, nani atauliza kwa nini boom isubiri wiki kadhaa baada ya chuo kufunguliwa? Niko tayari kuchanga, lakini hiyo 20,000 iambatane na barua ya darasa letu kwenda Bodi kila mwaka, yenye idadi ya waliokwama shuleni kwetu.

Fundi umeme, Songea

Wote mnazungumzia chuo kikuu. Shule yetu ina kidato cha nne pia. Chuo cha ufundi stadi cha serikali, VETA, ada ni 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka. Ongezeni vifaa na nguo za kazi. Kwa 3,280,000 yenu mnapata mafundi wangapi?

Mleta mada

Nimesoma yote na nimebadilika kidogo. Mhandisi, kuhusu wa HKL umenishinda. Sasa nasema hivi: laki tano kwa aliyeongoza sayansi na laki tano kwa aliyeongoza sanaa, majina yasomwe mbele ya shule nzima wadogo zao wakisikia. Zinabaki 8,840,000. Hizo ziende kwa waliokwama, kuanzia laki nne kushuka, na wa VETA wakiwemo. Ada na bima tulipe moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo. Kinachopita mkononi mwa mtoto kiwe nauli na godoro.

Mama wa Mwanza, barua naiunga mkono, na nitaiandika mwenyewe. Lakini sikubali tusubiri majibu yake. Chuo kikishafunga usajili, yule binti hana wa kumsubiri.

Kuna jambo la kalenda ambalo hatukulizingatia miaka yote mitatu. Mtihani ni Mei, kisha wengi wanaingia JKT, matokeo yanatoka Julai, vyuo vinafunguliwa kuanzia Oktoba. Sisi tulikuwa tukikabidhi hundi Desemba! Zile orodha tatu alizozipendekeza Mwalimu zikusanywe Aprili, namba za simu za walezi zikiwemo, na fedha iwe tayari Septemba.

Lingine: hawa waliokwama nisingependa wapigwe picha. Majina yajulikane kwa kamati ya watu watatu tu.

Mhandisi, Dodoma

Kwa mgawanyo huo kura yangu unayo. Ila kuacha kupiga picha, hapo sikubali. Mimi ndiye ninayewakumbusha watu kuchanga kila mwezi, na nakwambia ukweli, mwezi tuliotuma picha ya makabidhiano michango iliingia ndani ya siku tatu. Watu 41 watatoa milioni 8 kwa majina wasiyoyajua kwa miaka mingapi? Angalau stakabadhi za vyuo ziwekwe hadharani.

Mwalimu mstaafu

Stakabadhi ina jina la mtoto, mwanangu.

Mleta mada

Ndipo tulipokwama mpaka usiku huu. Kikao ni Jumamosi. Wenye madarasa yaliyowahi kulivuka hili, mliwaonyesha nini wachangiaji wenu?