Mteja hataki kupimwa uzito, lakini anayelipa ni mwanawe: nimsikilize nani?

Muulizaji, Dar es Salaam
Walimu wenzangu wa mazoezi, naomba ushauri. Namfundisha mama mmoja wa makamo anayetumia dawa za presha, ambaye tangu mwanzo alinieleza kwamba hatapanda kwenye mizani wala kupimwa kiuno, kwa kuwa anachotaka ni nguvu ya miguu: apande ngazi za nyumbani kwake bila kushika ukuta na ainuke kwenye mswala bila kusaidiwa. Mazoezi anayapenda na hakosi. Ada, hata hivyo, inalipwa na mwanawe anayeishi ng'ambo, naye anataka nimtumie uzito wa mama yake kila mwezi. Mimi mwenyewe naamini kwamba akipungua kidogo presha itatulia zaidi. Je, nikinyamaza kuhusu uzito nitakuwa nimetimiza wajibu wangu?

Mwalimu wa jimu, Mombasa
Mteja wako ni huyo mama, hata kama fedha zinatoka kwingine. Huko kwenu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo kuzituma kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa hata kama mtu huyo ni mwanawe wa kumzaa. Mjibu kijana kwa adabu kwamba habari za maendeleo atazipata kwa mama. (Siku hizi tunaolipa gharama za wazazi wetu tunajisahau upesi tukadhani tumekuwa wazazi wao.)

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Arusha
Nakubaliana na aliyetangulia, ila swali la pili ndilo gumu zaidi. Kuheshimu uamuzi wa mteja hakukulazimishi kumficha unachokijua. William Miller na Stephen Rollnick, waliojenga mbinu ya mahojiano ya kuamsha ari, wanafundisha kwamba uombe ruhusa kwanza, utoe maelezo mafupi, kisha umuulize mhusika mwenyewe anayaonaje. Unaweza kusema, «Mama, ukiniruhusu, ningependa kukueleza jambo moja kuhusu uzito na presha.» Akikubali, mweleze mara moja bila kumtisha; akikataa, usilirudie kila mnapokutana kwa mafumbo na mizaha, maana hiyo nayo ni namna ya kumlazimisha.

Katika maelezo hayo usimpunje ukweli: mazoezi yenyewe husaidia kushusha presha hata pale uzito unapobaki ulivyo, kwa hiyo lengo alilolichagua si dogo kama unavyolidhania. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Badala ya mizani, hesabu ni mara ngapi anaweza kuinuka kwenye kiti ndani ya sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kipimo hicho kinaendana moja kwa moja na mswala wake. Muulize pia anatumia dawa gani, kwani baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo na kufanya hesabu ya mapigo ikupotoshe unapokadiria ukali wa zoezi. Afadhali uangalie kama anaweza kuzungumza huku akifanya zoezi.

Mwalimu, Nairobi
Naongeza tahadhari moja, kwa sababu wapo walimu wanaojificha nyuma ya uhuru wa mteja ili wasibishane naye. Lengo ni lake, lakini usalama wa zoezi mnalofanya pamoja unakuhusu wewe. Akibana pumzi anapoinua uzito, mrekebishe papo hapo. Akilalamika maumivu ya kifua au kizunguzungu, simamisha zoezi na umwelekeze kwa daktari, hata kama anasisitiza kumalizia.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nitazungumza na mama kabla ya kumjibu mwanawe. Je, akiridhia kijana apate ile hesabu ya kuinuka kwenye kiti, niitume?

Mwalimu wa jimu, Mombasa
Mwandikie mama hesabu hiyo, aitume mwenyewe akipenda.