Nyumba ya mawe, mchana poa, usiku hatulali. Naombeni ushauri

Mawe_Matupu: Wakuu habarini, nimejenga nyumba ya mawe ya kuishi bila kiyoyozi, kuta sentimita 50, plasta ya chokaa, upenu mrefu, asubuhi mpaka adhuhuri raha tupu ila ikifika saa mbili usiku sebule inawaka mpaka watoto wanalia. Nataka kubandika bodi za povu kuta zote kwa ndani, unene gani unafaa?

Bintichokaa: Chokaa hongera. Nyumba ya mzee wetu fundi aliipiga plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, ukuta ukaanza kumumunyuka kwa ndani na mpaka leo mzee na fundi hawasalimiani.

Kipimajoto: Angalia kipimo cha passivhaus, yaani nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ya kwanza ilijengwa Darmstadt, Ujerumani, 1991. Kupasha joto kusizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka.

Bintichokaa: Mwenzio anaungua wewe unampashia joto 😂

Sauti_ya_Miti: Unahubiri mazingira halafu unafunika jiwe kwa plastiki. Inasikitisha.

Mzee_Kipima: Hii chai. Ukuta wa sentimita 50 unachelewesha joto zaidi ya saa kumi, jua la alasiri lingefika ndani alfajiri, siyo saa mbili usiku. Labda useme kuna kitu umeficha.

Mawe_Matupu: Sidanganyi mzee wangu. Sebule upande wa magharibi ni kioo, sakafu mpaka dari. Kioo sitoi, ndicho kilichonifanya ninunue kiwanja, na bodi nimeshalipia nusu.

Mwashi: Basi tatizo siyo mawe. Jua la jioni liko chini, linapita chini ya upenu, linaingia kwenye kioo na kupasha sakafu na kuta kwa ndani, usiku zinakurudishia. Ukibandika povu unalitenga jiwe na chumba, halitanyonya tena joto na sebule itapanda haraka zaidi.

Sauti_ya_Miti: Picha iko wapi? Mimi bado siamini kama kuna nyumba hapa.

Kipimajoto: Kwa hiyo chai au siyo chai?

Mawe_Matupu: Picha siweki, familia yangu inaishi humo. Mwashi, mapazia mazito je?

Mwashi: Pazia liko ndani, joto limeshaingia. Weka luva za wima nje ya kioo, vile vibao vya kukinga jua vya kuzungusha. Zifunge jua likishapita utosini, likizama fungua luva na madirisha yote, ya chini na ya juu, upepo uoshe kuta mpaka asubuhi. Na bodi usikate hata moja, labda watakurudishia hiyo nusu.