Mjadala: Kuacha ugali na wali kunapunguza uzito kweli, au kinachoondoka ni maji?

Mleta Mada

Wakuu, tujadiliane kwa hoja na namba. Kila kona sasa hivi kuna anayeuza "programu ya keto": acha ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, sukari na matunda matamu, kula nyama, mayai, samaki, parachichi, nazi na mboga za majani, utapungua kilo saba ndani ya wiki mbili. Ukiondoa mbwembwe, kanuni inabaki moja: wanga usizidi gramu 20 hadi 50 kwa siku. Mlo wenyewe ulianza miaka ya 1920 huko Marekani kama tiba ya kifafa, mambo ya vitambi yalikuja baadaye sana.

Swali ni hili: unapunguza uzito kuliko mlo mwingine wenye nidhamu ileile? Zile shuhuda za "mimi nilipungua" naomba tuziache nje, maana kila mlo una mashahidi wake.

Moto wa Mkaa

Unafanya kazi, na sababu zinajulikana. Ukipunguza wanga, insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) inashuka, na insulini ndiyo inayoyafungia mafuta kwenye akiba. Ikishuka, mafuta yanatoka, ini linayageuza kuwa ketoni, na ubongo unazitumia badala ya sehemu ya sukari. Lakini faida kubwa kwa mtu wa kawaida ni njaa. Aliyekula mayai matatu na kipande cha samaki saa moja asubuhi hatafuti andazi saa nne. Aliyekunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili, saa nne tumbo linamdai.

Na utafiti upo. Mwaka 2003 huko Marekani watu 63 waligawanywa makundi mawili, wanga kidogo na mafuta kidogo. Baada ya miezi sita kundi la wanga kidogo lilikuwa limepungua asilimia 7 ya uzito, lile lingine asilimia 3 na ushee. Hiyo ni zaidi ya mara mbili.

Mizani ya Sokoni

Mkuu umesimulia nusu ya hadithi. Utafiti huohuo uliendelea hadi mwezi wa kumi na mbili, na hapo tofauti kati ya makundi ilikuwa imepungua kiasi kwamba kitakwimu huwezi kuiita tofauti. Walipungua haraka, wakarudi haraka.

Hizo kilo za wiki ya kwanza nazo tuzipigie hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ili upungue kilo nne za mafuta kwa siku saba, unatakiwa kukopa mwilini kalori 30,800, yaani 4,400 kila siku. Watu wengi hawatumii hata 3,000 kwa siku. Hata ukikaa bila kula kabisa, deni hilo hulifikii. Kwa hiyo mizani ikisema kilo nne kwa wiki, sehemu kubwa si mafuta.

Ni nini basi? Mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima. Kila gramu inakaa na maji gramu tatu hivi. Ukiacha wanga, akiba hiyo inaisha ndani ya siku chache, na maji yake yanatoka: hapo pekee ni kilo moja na nusu hadi mbili. Insulini ikishuka, figo nazo zinamwaga chumvi zaidi, na chumvi haiondoki bila maji. Ndiyo maana siku za mwanzo safari za chooni usiku haziishi. Ndiyo maana pia mtu akienda harusini Jumamosi akala pilau sahani mbili, Jumatatu mizani inaongeza kilo mbili na yeye analia kwamba "mafuta yamerudi". Yaliyorudi ni maji na glaikojeni yake.

Moto wa Mkaa

Sawa, maji yapo, sibishi. Ila baada ya wiki ya pili maji yameisha na watu wanaendelea kupungua. Hapo unasemaje?

Mizani ya Sokoni

Nasema wanakula kidogo. Ukimkataza mtu ugali, wali, chapati, maandazi, chipsi, soda na bia, umemwondolea nusu ya kalori zake bila kumfundisha kuhesabu. Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo mwaka 2018: watu 609, mwaka mzima, nusu wanga kidogo, nusu mafuta kidogo, wote wakiambiwa waache sukari na unga uliokobolewa na wale mboga kwa wingi. Wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, mafuta kidogo kilo 5.3. Tofauti ya gramu 700 kwa mwaka haina uzito kitakwimu. Na ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua zaidi ya kilo 20 na walioongezeka.

Moto wa Mkaa

Ile haikuwa keto! Walianza na gramu 20, lakini mwisho wa mwaka kundi la wanga kidogo lilikuwa linakula gramu 130 hivi kwa siku. Huwezi kuhukumu keto kwa watu wasioila keto.

Mizani ya Sokoni

Hapo umegusa penyewe. Walikuwa na wataalamu wa lishe wakiwafuata mwaka mzima, na bado wakapanda hadi 130. Mlo usioshikika una kasoro, na kasoro hiyo huwezi kumbebesha mlaji peke yake.

Kama unataka keto halisi, ipo ya Bethesda, Marekani, iliyochapishwa 2021. Watu 20 walilazwa wiki nne, kila kitu kikipimwa jikoni: wiki mbili keto, wiki mbili mlo wa mimea wenye mafuta kidogo na wanga asilimia 75, kila mmoja akila hadi ashibe. Kwenye ule wa wanga walikula pungufu ya kalori karibu 700 kwa siku kuliko kwenye keto, na insulini yao ilikuwa juu. Kama insulini peke yake ndiyo inayonenepesha, wangenenepa. Hawakunenepa.

Moto wa Mkaa

Wiki mbili ni chache, na kwenye wiki ya pili ya keto ulaji wao ulikuwa umeshaanza kushuka. Ila nakubali, hoja ya insulini peke yake haitoshi. Hoja ya njaa nabaki nayo.

Bi Mchicha

Nyie kaka zangu mnapigana vikumbo na maabara, mlo unaharibikia jikoni. Ngojeni niwaonyeshe sahani mbili.

Sahani ya kwanza: unga wa sembe gramu 150, ambao ukisongwa unatoa ugali wa gramu 400 hivi. Wanga ni gramu 114, kalori kama 540. (Na hapa wengi wanakosea: wanapima ugali uliopikwa kisha wanatumia namba ya unga mkavu. Gramu 100 za unga zina wanga gramu 76, gramu 100 za ugali zina 28 hivi.)

Sahani ya pili, "kifungua kinywa cha keto": mayai matatu, kalori 210, mafuta ya nazi vijiko viwili vya mezani, 240, parachichi zima lenye nyama gramu 200, kalori 320. Jumla 770. Wanga, ukitoa nyuzinyuzi, haufiki gramu 10. Mpishi anashangilia "sijagusa wanga" na hapo ameshaipita sahani ya ugali kwa kalori 230. Akiongeza kahawa yenye siagi, na karanga konzi moja baada ya nyingine mbele ya televisheni (gramu 100 za kukaanga ni kalori zaidi ya 560), basi mwezi wa pili uzito umegoma na analaumu homoni.

Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, ya protini 4. Keto haijafuta hiyo. Anayetaka kupungua asimimine mafuta juu ya chakula kwa sababu "yanaruhusiwa", ayatumie ya kupikia tu. Ashibe kwa protini: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 80 atafute gramu 96 hadi 128 kwa siku. Yai lina 6, samaki aliyeiva gramu 100 ana 22 hivi, dagaa wakavu gramu 100 wanazidi 50. Anayesema keto ni ya matajiri hajakaa na dagaa, mchicha na bamia. Dagaa waoshwe mchanga vizuri, wachemshwe dakika tano, maji yamwagwe, ndipo wakaangwe kwa kijiko kimoja cha mafuta, siyo kuelea.

Wanga uliojificha: asali, kijiko cha mezani gramu 17. Maziwa, kikombe cha mililita 250 gramu 12. Maharage yaliyoiva, gramu 100 zina 22, japo 6 au 7 ni nyuzinyuzi. Ndizi mbivu moja ya wastani, 27. Hiyo ndizi moja inatosha kumtoa mtu wa gramu 20.

Jirani Mwema

Na dona? Kuna wanaosema dona haina shida.

Bi Mchicha

Dona ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi ya sembe, inashibisha zaidi, nami ndiyo ninayoisifu kwa mtu asiye kwenye keto. Lakini wanga wake haujatofautiana sana. Na unga wa muhogo ndio kabisa, umezidi mahindi. Atakayekuambia "ugali wa muhogo ni keto" mwulize anauza nini.

Mfamasia wa Kona

Naona hakuna aliyegusa dawa, na hapa ndipo mtu anaweza kufa.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi au gliklazaidi, akiacha wanga ghafla bila dozi kupunguzwa, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Dawa inaendelea kusukuma sukari chini wakati hakuna inayoingia. Dalili ni jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), apewe sukari gramu 15, yaani vijiko vinne hivi vya chai kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, arudie kama haijapanda. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake haina hatari kubwa hapo.

Dapagliflozini na empagliflozini, nazo dawa za kisukari, zina balaa la aina nyingine. Hizi zikikutana na keto zinaweza kusababisha damu kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kikionyesha karibu kawaida, kwa hiyo mgonjwa na ndugu hawashtuki. Akitapika, tumbo likimuuma, akipumua haraka na kwa kina, ni dharura, hata kama mashine inasema 9.

Presha: anayemeza dawa ya kukojoza akianza keto anapoteza chumvi mara mbili, akisimama anaona kizunguzungu. Dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa, ila apangiwe na daktari. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) akigeuka ghafla kuwa mla mboga za majani kila mlo, vitamini K inapunguza nguvu ya dawa. Apime damu mapema. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asijaribu bila daktari wake.

Moto wa Mkaa

Nashukuru mfamasia. Lakini usiwatishe watu wa kisukari cha aina ya pili. Wengine wanapunguziwa dawa kwa sababu ya mlo huu.

Mfamasia wa Kona

Wanapunguziwa, kweli, na kazi kubwa inafanywa na uzito uliopungua. Uingereza, mwaka 2017, walichapisha utafiti wa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliowekwa kwenye mlo walikunywa vinywaji maalumu vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka asilimia 46 yao hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 na zaidi, ilikuwa asilimia 86. Na vile vinywaji, karibu asilimia 59 ya kalori zake ilikuwa wanga.

Mizani ya Sokoni

Hiyo 59 naomba iandikwe kwa wino mwekundu.

Jirani Mwema

Mimi sina kisukari wala presha, nataka kujaribu. Siku ya tatu watu wanasema kichwa kinapasuka. Na vile vijiti vya kupima mkojo ninunue?

Bi Mchicha

Kichwa ni chumvi na maji. Kunywa supu iliyokolea chumvi mara mbili kwa siku kwa wiki ya kwanza, kwa kuwa presha huna. Choo kikigoma, bamia, mlenda na mchicha kila siku, mboga iwe nusu ya sahani. Misuli ikikaza usiku, parachichi na mbegu za maboga zisaidie.

Vijiti acha. Vinapima ketoni zinazomwagwa, siyo mafuta yanayoyeyuka. Ukinywa maji mengi rangi inafifia, na mwili ukizoea rangi inafifia pia, mtu anadhani amekwama. Nunua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kila Jumapili asubuhi kabla ya kula. Na kabla hujaanza pima kolesteroli, rudia baada ya miezi mitatu. Kuna ambao ile mbaya inapanda sana wakila siagi na mafuta ya nyama, na hao wahamie kwenye samaki na karanga au waache kabisa.

Mizani ya Sokoni

Na kama humalizi mwezi, kuna njia ya kati. Chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu, ni sukari gramu 36 kwa siku. Soda ya chupa, mililita 350, gramu 37. Toa hizo mbili, ugali ukate uwe wa ngumi moja, mboga na samaki viongezeke. Umeshaondoa wanga zaidi ya gramu 100 na hujaaga ugali.

Moto wa Mkaa

Hiyo ngumi moja ndiyo shida yake. Sufuria ipo mezani, mwiko umo ndani.

Bi Mchicha

Basi pakua jikoni, sufuria ibaki hukohuko.