Kisima kilichoingiwa na petroli: peroksidi ya haidrojeni au pasulfeti?

Mchotamaji: Ndugu wanajukwaa, kisima chetu kimeingiwa na petroli iliyovuja kutoka tangi la ardhini, na wiki ijayo natakiwa kuagiza kemikali ya kuioksidisha. Nimebaki na machaguo mawili: peroksidi ya haidrojeni pamoja na salfeti ya chuma, au pasulfeti ya sodiamu. Ipi inafaa, na nitajuaje kuwa maji yaliyotibiwa hayana sumu tena?

FundiVisima: Hujataja lita, pH (kipimo cha asidi), wala aina ya ardhi. Tangi lenyewe limeshaondolewa? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mchotamaji: Niwie radhi. Tangi limeondolewa, na maji tutayavuta na kuyatibu juu, kama lita 5,000 kwa siku. Tuko pwani, kwenye mawe ya matumbawe. pH ni 7.6.

FundiVisima: Basi peroksidi itakutesa. Mmenyuko wa Fenton, yaani huo wa peroksidi na chuma, unaojulikana tangu 1894, hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu na 3, yaani maji yakitiwa asidi, ilhali maji ya matumbawe yamejaa bikaboneti zitakazokula asidi yako kwanza. Mimi naamini pasulfeti.

BiMaabara: Pasulfeti nayo haiamki yenyewe, huhitaji joto, chuma au alkali, na huacha salfeti nyingi.

Kuhusu sumu, nawasimulia yaliyotupata. Tulitibu maji ya petroli kwa peroksidi, benzeni ikashuka chini ya mikrogramu 10 kwa lita, yaani kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa, nasi kwa furaha tukatia dafnia, wale vijidudu wa maji yasiyo na chumvi, ili kupima kama sumu imekwisha. Kesho yake wote walikuwa wamelala chini ya bilauri, na mteja akatishia kutushtaki. Baada ya siku tisa ndipo tulipong'amua kwamba kilichowaua ni peroksidi iliyobaki. Tulipoiondoa kwa kimeng'enya cha katalasi na kurudisha pH hadi 7, wengi walivuka saa 48. Waliokufa nashuku waliuawa na haidrokwinoni, kwani benzeni hupitia fenoli na haidrokwinoni kabla ya kuvunjika kabisa.

MkaaTu: Kwa nini usumbufu wote huu? Pitisheni maji kwenye kaboni amilifu, yaani mkaa wa kuchujia.

FundiVisima: Kaboni huhamisha uchafu tu, ndugu yangu, na kama petroli ilikuwa na MTBE, kemikali inayochanganywa kwenye petroli, hiyo hainasi vizuri.

Shamba_Bondeni: Dafnia si kipimo cha haki kwa maji ya pwani yenye chumvi. Kuotesha mbegu za saladi kwa maji hayo kungetosha.

BiMaabara: Mbegu nazo hudumazwa na chumvi. Afadhali bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Mwanga ukififia ndani ya dakika 30, sumu ipo. Mchotamaji, kloridi ni kiasi gani? Nayo hunyakua radikali, zile chembe kali za kemikali hizi zinazovunja uchafu.

Mchotamaji: Hatujaipima. Nasimamisha oda, Jumatatu nitachukua sampuli.

FundiVisima: Tumia chupa ya kioo na uijaze hadi mdomoni, la sivyo benzeni itapaa kabla haijafika maabara.