Baridi ya Njombe inaanza na kuisha lini? Naripoti mwezi wa sita

Mhamiaji_Tanga
Wakuu habari za muda huu. Nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Njombe mjini, natakiwa niripoti mwezi wa sita mwanzoni. Mimi ni mtu wa Tanga, huko juu nimepita tu na basi la Songea usiku sikushuka hata kuchimba dawa. Sasa kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema baridi mwaka mzima, mwingine anasema mwezi wa kumi watu wanavaa tisheti kama kawaida. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mimi nimezoea mvua ikinyesha ndio kunapoa, lakini naambiwa huko mvua ni Novemba mpaka Aprili af baridi yenyewe inapiga Juni na Julai ambapo mvua hakuna. Inakuwaje hiyo? Nina mtoto wa miezi minane, kwaiyo nataka nijue naenda kukutana na nini.

Kamwene_Mdandu
Kamwene mkuu, karibu sana. Umechagua mwezi wenyewe hasa 😂

Iko hivi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6, kwaiyo kabla hujahesabu msimu wowote ushaachana na Tanga kwa nyuzi 12 hivi. Hiyo ya mwaka mzima. Juu yake sasa ndio inakuja kipupwe, Juni mpaka Agosti, jua liko kaskazini mbali na sisi halafu upepo wa kusi unasukuma hewa ya baridi kutoka kusini. Usiku kushuka chini ya 10 ni kawaida kabisa, na kuna siku za mwezi wa saba ukungu na manyunyu yanakaa mpaka mchana, jua hulioni, hiyo siku hata nyuzi 18 haifiki.

Hilo la mvua usilipime kwa Tanga. Mvua za huku zinakuja wakati jua liko upande wetu, na mawingu usiku yanazuia joto la ardhini lisipotee. Januari mchana na usiku havipishani sana. Kiangazi mbingu ziko wazi, ardhi iliyopata joto mchana inalipoteza lote usiku, ndio maana unaamka saa kumi na mbili unatetemeka na saa saba unavua koti.

Aliyekwambia mwezi wa kumi tisheti hajakudanganya. Katikati ya Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, mawingu bado, mvua bado, na vumbi juu. Huo ndio msimu wetu wa joto, mchana unagusa 25 na wazee wanalalamika kama wako Kyela. Mvua zikishika, mchana unapoa tena. Ila jioni ya Oktoba sweta utalitafuta, usije ukazigawa.

Viazi_Uwemba
Jamaa hapo juu kamaliza, mimi naongeza ya shambani maana najua mgeni lazima ashawishiwe kulima viazi au parachichi mwaka wa kwanza tu.

Angalia vinyungu, yaani vile vibustani vya bondeni. Usiku wa Julai upepo ukitulia na mbingu ikiwa haina mawingu, baridi inashuka mabondeni kwa sababu hewa baridi ni nzito, mlimani palepale juu pana nafuu. Asubuhi unakuta majani ya viazi yana unga mweupe, ikifika saa nne jua limeshapiga yanakuwa meusi yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Hiyo ndio jalidi. Maharage ndio kabisa hayaamki. Kwaiyo miche ya parachichi weka kwenye mteremko, na ikiwa midogo ifunike nyasi kipindi hicho. Ukiuziwa kiwanja cha bondeni kwa bei ya chee jiulize kwanza.

Na mkoa huu sio baridi wote jamani. Ludewa kule chini Manda ufukweni mwa Ziwa Nyasa ni mita 500 hivi tu, joto la kutosha na samaki wapo. Ukienda Makete uelekeo wa Kitulo unapanda mpaka 2,600, ukifika huko utaona Njombe mjini ni pwani.

Mama_Mapacha
Wote mmeongea hewa na mbingu, baba wa watu ana mtoto wa miezi minane 🙄

Kaka yangu sikiliza. Mtoto boshori la kufunika masikio, soksi, na nguo nyepesi nyepesi nyingi kuliko koti moja zito, maana mchana utampunguzia moja moja. Makoti usinunue Tanga, utapigwa bei af yatakuwa mepesi, mitumba ya Njombe sokoni ina makoti ya uhakika. Mafuta ya mgando yawepo mengi, baridi kavu inapasua midomo na mashavu ya mtoto.

Nyumba usichukue ya vigae chini na dari hakuna, hata kama ni nzuri machoni. Angalia madirisha yanafunga vizuri na chumba cha kulala kinapata jua la mchana.

Halafu kubwa kuliko yote, MSILALE NA JIKO LA MKAA NDANI. Kila kipupwe watu wanakufa hivyo, familia nzima. Ule moshi mbaya hauonekani wala haunuki, unalala tu basi. Ota moto jikoni mlango wazi, ukienda kulala jiko lirudi nje hata kama makaa yamebaki kidogo.

Mhamiaji_Tanga
Asanteni sana, dada nimekuelewa hasa hilo la jiko. Sasa je nikimwacha mama mtoto Tanga nitangulie, nimlete Septemba itakuwa imeisha?

Kamwene_Mdandu
Agosti mwishoni mchana unakuwa umeshachangamka, asubuhi bado. Septemba katikati mlete bila wasiwasi. Wewe ukifika shuka stendi na koti mkononi, sio ndani ya begi kwenye buti la basi, mabasi mengine yanafika alfajiri.