Tupeane uzoefu: kanisa linangoja mchungaji mpya, ninyi mlishukuruje?

Mzee wa kanisa, Unguja Mjini
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mchungaji wetu amehamishwa na barua ya anayekuja haijafika. Mwanzoni maombi yetu ya Alhamisi yaligeuka orodha: awe kijana, mkewe apende kwaya, ahubiri bila kusoma karatasi. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyetusimamisha. Alisema, "Huyu aliyeondoka alimzika mume wangu mvua ikinyesha, viatu vyake vikanasa kwenye tope, na hakukatiza sala. Mbona hatujamshukuru Mungu kwa ajili yake?" Tangu siku ile hakuna anayeomba kitu kabla kila mmoja hajataja jambo moja la kushukuru. Hata lawama kwa dayosisi zimepungua. Mliopita njia hii, mlifanyaje mkaendelea kumtumaini Mungu?

Mwanakwaya, Paje
Amina, mzee. Sisi wengi ni wafanyakazi wa hoteli, tumetoka bara, na Jumapili yenyewe wengine wako zamu. Mchungaji alipoondoka niliogopa tutatawanyika. Tukahamia ibada za jioni nyumba kwa nyumba. Mpishi mmoja ambaye hakuwahi kufungua mdomo kanisani ndiye anayetufundisha Zaburi sasa. Namshukuru Mungu kwa huyo kaka.

Katekista mstaafu, Weti
Tumsifu Yesu Kristo. Huku Pemba kungoja tumekuzoea. Wakristo ni wachache, na padri akihama, wa kutuhudumia inabidi avuke bahari. Bahari ikichafuka hakuna misa, naongoza ibada ya Neno, basi.

Kilichonishika mimi ni kazi ndogo. Kila Jumamosi nilifungua sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, nikatoa kanzu ya padri nikaianika, maana masika ya huku nguo hushika ukungu hata ikiwa kabatini. Nikafuta kalisi, kikombe cha misa, nikaizungushia kitambaa chake, nikairudisha. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, unamwandalia nani na padri hayupo?" Nikamwambia namwandalia atakayekuja. Sikuwa na sala ndefu kipindi kile, lakini mikono yangu ilikuwa ikisema asante kwamba kanisa bado lipo na mlango wake unafunguka.

Na jirani zetu msiwasahau katika shukrani. Msimu wa karafuu, jirani yangu Muislamu akianika zake kwenye majamvi, kila nikipita huniuliza, "Padri wenu bado? Mola atakuleteeni." Siku padri aliposhuka bandarini Mkoani, gari iliyokwenda kumpokea ilikuwa ya jirani huyo. Alikataa hata pesa ya mafuta.

Mwalimu wa skuli, Mbweni
Niongeze la historia, maana hunitia nguvu. Pale Mkunazini, Unguja Mjini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Steere, wa misheni ya Kianglikana, alilisimamia jengo lile, akafariki Agosti 1882, akazikwa humohumo. Mrithi wake, Smythies, hakuwekwa wakfu mpaka Novemba 1883. Zaidi ya mwaka mzima bila askofu, na Waanglikana wenyewe wengi wao walikuwa watu waliotoka utumwani. Lakini Steere alikuwa amewaachia Agano Jipya kwa Kiswahili, na shemasi, John Swedi, mmoja wa watoto waliookolewa mikononi mwa wauza watumwa, aliyepewa ushemasi mwaka 1879. Huyo Smythies waliyemngoja ndiye aliyempa upadri Cecil Majaliwa mwaka 1890, padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Nikiingia pale huwa nawashukuru walioendelea kusali katika mwaka ule wa katikati, ambao majina yao hayajaandikwa ukutani.

Mama wa umoja wa wanawake, Mwanakwerekwe
Nakubali, ila naomba niseme wazi: shukrani isitufunge midomo. Sehemu nyingine niliyosali zamani tulishukuru kwa nyimbo huku wagonjwa hawatembelewi na hakuna aliyeandika hata barua kuuliza. Mtume Paulo ameweka kuomba na kushukuru mahali pamoja. Pangeni zamu za hospitali, ulizeni kwa heshima, na asante iendelee.

Mbatisti, Unguja
Sisi hatupangiwi, tunamwita mchungaji wenyewe, kwa hiyo kishawishi chetu kilikuwa kumlinganisha kila anayekuja kuhubiri na yule aliyeondoka. Kamati ikakubaliana: kabla ya kumjadili mtu, kila mjumbe aseme neno gani la Mungu limemfikia katika mahubiri yake. Vikao vilichukua muda mrefu zaidi, lakini ugomvi ulikwisha.

Mzee wa kanisa, Unguja Mjini
Mungu awabariki sana. Mama wa Mwanakwerekwe, zamu za wagonjwa tunazipanga Jumapili hii baada ya ibada, na barua kwa dayosisi nitaiandika na katibu. Babu wa Weti, la kuanika kanzu nimelipeleka kwa vijana wetu wanaohudumu madhabahuni, wamelipokea vizuri. Ndugu Mbatisti, wale waliokuwa wakimlilia mchungaji wa zamani kwa machozi kabisa, mliwasaidiaje? Kwetu wapo, na ni watu wazima tunaowaheshimu.